Somo: Kuzima jeni kwenye makrofaji tu, panya akiwa mzima

Tutumie jeni ya Ikbkb, inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho IKKβ. Seli ikihisi bakteria, IKKβ ndiyo inayoifungulia njia NF-κB, protini ya kuwasha jeni, iingie kwenye kiini na kuamsha jeni za kinga. Ukiifuta mwili mzima hupati panya wa kumchunguza. Vijusi vinafia tumboni karibu siku ya 13 ya mimba, seli za ini zikiwa zimekufa kwa wingi, maana bila IKKβ hazina kinga dhidi ya TNF, protini ya kinga inayoweza kuua seli. Ukiondoa pia kipokezi cha kwanza cha TNF, vijusi vinaokoka. Ndiyo maana tunaizima kwenye seli tunazozihoji, yaani makrofaji, seli za kinga zinazomeza bakteria, nyingine tunaziacha.

Zana ni mbili. Cre ni mkasi uliotoka kwa kirusi P1, adui wa bakteria. loxP ni kipande cha DNA cha herufi 34 ambacho mkasi huo unakitambua. Weka loxP kila upande wa eksoni (kipande cha jeni chenye maagizo ya protini), zote zikielekea upande mmoja, na Cre itanyofoa kilicho katikati. Zikitazamana, kipande kinapinduliwa tu na kubaki palepale. Timu ya Klaus Rajewsky kule Köln ilionyesha mwaka 1994 kwamba jeni inaweza kufutwa kwa njia hii ndani ya seli T za panya.

Hatua ya 1: Tafuta kabla ya kutengeneza. Jeni nyingi za kinga tayari zina panya wa floksi (jeni yake imeshawekewa loxP pande zote mbili) kwenye hazina kama Jackson Laboratory ya Marekani. Ukilazimika kutengeneza, chagua eksoni ya mwanzomwanzo ambayo idadi ya herufi zake haigawanyiki kwa 3, ili usomaji wa jeni uvurugike baada ya eksoni kutoka.

Hatua ya 2: Chagua Cre. Kwa makrofaji wengi huchukua LysM-Cre, panya ambaye Cre yake huwashwa pamoja na jeni ya lisozimu. Hapa nikiri kwamba kichwa cha somo kimewadanganya kidogo. Waliomtengeneza panya huyu walipima mwaka 1999 wakakuta jeni imefutwa kwenye makrofaji 83–98%, kwenye neutrofili (chembe nyeupe nyingine za damu) karibu zote, na kwenye seli za dendriti (seli za kinga zinazozionyesha seli T adui) za bandama kama 16%. Kwa hiyo ukiona badiliko usiseme haraka kwamba ni la makrofaji. Huenda neutrofili ndizo zimelileta.

Hatua ya 3: Zalisha. Oanisha panya wa floksi mbili (nakala zote mbili za jeni zina loxP) na wa LysM-Cre. Watoto wenye floksi moja na Cre warudishe kwa floksi mbili, na robo ya wajukuu ndio unaowataka. Baada ya hapo oanisha floksi mbili wenye Cre na floksi mbili wasio na Cre, uzao utagawanyika nusu kwa nusu. Mimba ni wiki 3, kunyonya wiki 3, kukomaa wiki 6 hadi 8 tangu kuzaliwa, kwa hiyo hesabu nusu mwaka kabla ya jaribio la kwanza. Cre ibaki nakala moja tu. Imepachikwa ndani ya jeni ya lisozimu yenyewe, na ukiweka mbili umefuta jeni ya pili bila kukusudia.

Hatua ya 4: Soma vinasaba. Toboa sikio, toa DNA, fanya PCR, yaani nakili kipande unachokitaka mara nyingi. Kwenye jeli inayopanga DNA kwa urefu, mkanda wa floksi unakaa juu kidogo ya ule wa kawaida, kwa kuwa loxP imeongeza urefu. Halafu ongeza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za kuonyesha jeni iliyokwisha kufutwa. Hii hatua watu wanairuka, na mimi niliiruka. Nilikuwa na uzao wa Cre ya seli T, nikafanya majaribio miezi minne kabla ya kugundua kwamba Cre ilikuwa imevuja kwenye mbegu za uzazi, na baadhi ya panya wangu walikuwa na nakala moja iliyofutwa mwili mzima. Kwa LysM-Cre, mkanda hafifu wa kufutwa kwenye sikio usikutishe, ni chembe nyeupe za damu. Mkanda mzito kama wenzake ni balaa, mtoe panya huyo.

Hatua ya 5: Thibitisha kwenye seli yenyewe. Kamua uboho wa paja, kuza makrofaji kwa siku 7 ukitumia M-CSF (protini ya kuzikuza), zipe LPS (kipande cha ukuta wa bakteria), kisha pima IκBα, protini inayoizuia NF-κB na ambayo IKKβ huifanya ivunjwe, kwa westani bloti (kipimo cha protini) dakika 0, 15, 30 na 60. Kwa panya wa kawaida mkanda unafifia kufikia dakika 15 au 30, kisha unarudi. Kwa wako unapaswa kubaki kwa sehemu kubwa. Ukififia sawasawa na wa kawaida, jeni haijafutwa vya kutosha, hata jeli iseme nini.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Panya wa kulinganisha nitumie wa kununua?
— Marahaba. Hapana, tumia ndugu wa tumbo moja wenye floksi mbili wasio na Cre. Wamelala kizimba kimoja na wana bakteria wale wale wa utumbo, na bakteria hao peke yao wanatosha kugeuza matokeo ya kinga. Ongeza na kundi lenye Cre bila floksi, maana Cre yenyewe inaweza kudhuru seli.

Kaka, nimetumia CD4-Cre, ya seli T zenye alama ya CD4, lakini seli T za alama ya CD8 nazo zimefutwa. Nimekosea wapi?
— Hujakosea. Kwenye thaimasi, tezi ya kifuani zinakokomaa seli hizi, kila seli T ya kawaida hupitia hatua ya kuvaa CD4 na CD8 pamoja. Cre inawashwa hapo, na ikishakata haiunganishi tena.

CRISPR, ile zana ya kuhariri DNA, si ingemaliza haya yote?
— Inakusaidia kupachika loxP kwenye kiinitete, si zaidi. Na angalia mtego: loxP moja ikikaa kwenye kromosomu ya baba na nyingine kwenye ya mama, PCR mbili zote zitakubali na bado huna floksi. Mzalishe panya huyo uone kama watoto wanazirithi pamoja.

Tukiwa na Ikbkb tayari, kuna haja gani ya kubadilisha Cre?
— Hapo ndipo utamu ulipo, dada. Mwaka 2004 kundi la Michael Karin, San Diego, lilifuta jeni hii hii kwenye panya waliopewa uvimbe (inflamesheni) wa utumbo mpana unaozaa saratani. Walipoifuta kwenye seli za ukuta wa utumbo, idadi ya vivimbe vya saratani ilishuka kama 80%, ilhali inflamesheni yenyewe haikupungua. Walipoifuta kwa LysM-Cre, vivimbe vilikuwa vidogo. Miaka mitatu baadaye, panya wa LysM-Cre walipochomwa LPS walikufa kwa urahisi zaidi, IL-1β, protini inayochochea inflamesheni, ikiwa juu. Hebu fikiria, tulidhani tunazima moto.