Kutembea Pittsburgh kwa kupanda ngazi zake: anza hivi

Jumamosi iliyopita nilimzungusha binamu yangu, katoka Mwanza majuzi tu, na tangu hapo wenzake watatu washaniuliza tulipita wapi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Kwa asiyeujua, Pittsburgh ni mji wa milima na mito kule Pennsylvania, Marekani, na una ngazi za umma kama 800 hivi. Zaidi ya 300 kati ya hizo kisheria ni mitaa kabisa, yaani kuna nguzo, kuna kibao chenye jina la mtaa, ila barabara hakuna, ni ngazi za zege zinapotelea kwenye miti. Walizihitaji watu wa viwanda vya chuma. Kiwanda kiko bondeni kando ya mto, nyumba ziko juu mlimani, na shifti haikusubiri mtu. Zamani zilikuwa za mbao, zege lilikuja baadaye. Binamu alipoziona akakumbuka mtaa wa kwao Mwanza wenye nyumba mlimani, akasema tu, "Kaka, hii si Mabatini hii?"

Hatua ya 1: chagua mtaa mmoja

Usiunganishe mitaa mitatu siku ya kwanza. Mimi namwanzisha kila mtu South Side Slopes, kwa sababu unashuka basi East Carson Street palipo tambarare, unavuka reli, na mlima uko mbele yako, hupotei.

Hatua ya 2: viatu

Raba zenye meno. Maji nusu lita. Basi.

Hatua ya 3: ramani, na hapa naomba usome taratibu

Hii ndiyo iliyonila saa tatu mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na ile ramani ya kawaida ya kwenye simu, inanionyesha mtaa unapanda hadi barabara ya juu, nikasema sawa, nikapanda, ngazi nzuri kabisa, nimefika karibu na juu nakuta uzio wa waya na ubao kwamba ngazi imefungwa, vidato vya mbele vimebomoka na udongo umeporomoka. Chini ilikuwa wazi, hamna kizuizi wala tangazo. Nikashuka zote, nikajaribu nyingine, hiyo nayo ikaishia uani kwa mtu, giza likaanza kuingia na chaji ikaisha.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Kwanza, situmii ramani ya magari kabisa, natumia ramani za OpenStreetMap, kwa simu nashusha Organic Maps maana inafanya kazi bila bando. Kwenye OpenStreetMap yenyewe ngazi huchorwa kwa vidoti vyekundu vyekundu, kwa hiyo unajua papo hapo hii ni ngazi na hii ni barabara. Pili, kila ngazi ninayotaka kupanda naikagua mwisho wake wa JUU, siyo wa chini, kwa zile picha za mtaani za Google (Street View), naangalia kama kuna uzio, halafu naangalia picha ilipigwa lini, kama ni ya miaka mitano nyuma siiamini. Picha za setilaiti hazisaidii kiangazi, majani yanafunika kila kitu. Tatu, kwa kila ngazi naweka njia ya pili ya kufika kulekule juu, hata kama ni barabara ya kuzunguka. Nne, ukikuta uzio, rudi. Najua kuna watu wanaruka, na ngazi inaonekana nzima, lakini zege linaweza kuwa zima juu huku chini yake pameshakuwa tupu, na chuma cha kushikilia kimeliwa na kutu pale kinapoingia kwenye zege ambapo huwezi kupaona. Mimi kabla ya kuegemea nakitikisa kwanza. Kikicheza, sikigusi tena.

Jambo lingine linaloingia hapahapa ni msimu. Nenda Aprili mwanzoni au Novemba, miti iko uchi, ukiwa chini unaona ngazi nzima hadi juu. Kiangazi kuna mmea wenye majani matatu matatu unaotambaa hadi kwenye vyuma, ukikugusa unawashwa wiki nzima, usishike majani. Novemba angalia majani yaliyolowa, yanateleza kama ganda la ndizi. Theluji ikishakanyagwa ikawa barafu, kaa nyumbani.

Hatua ya 4: panda

Anzia Pius Street, kisha panda ngazi za Yard Way. Usikimbie, simama kila unapopata pa kupumzikia na ugeuke nyuma, maana kila ukigeuka mji umebadilika. Kwanza paa za jirani, halafu mto, halafu maghorofa ya katikati ya mji yote kwa pamoja. Chini pale kando ya mto palipo maduka sasa, zamani ndipo palipokuwa kiwanda cha Jones & Laughlin. Kushuka, kama magoti yanasumbua, fuata barabara ya kuzunguka, usishuke kwa ngazi.

Hatua ya 5: hapo ni kwa watu

Yard Way ina nyumba ambazo mlango wa mbele unafungukia kwenye ngazi. Punguza sauti, salimia, usipige picha madirishani. Siku ile tulimkuta mama mmoja mtu mzima na mifuko miwili ya sokoni, anapanda vidato sita anaiweka chini, sita tena anaiweka chini. Binamu hakuuliza, aliipokea kama anavyompokea mama yake, akaipandisha hadi mlangoni. Yule mama akatuuliza tunaelekea wapi, akatuonyesha kijia nyuma ya nyumba yake chenye ngazi fupi zinazotokea mtaa wa juu. Ramani yangu haina hizo ngazi.

Ukishaizoea South Side, safari ya pili nenda mtaa wa Fineview ukapande ngazi za Rising Main, vidato 371 kwa mkupuo. Hapo maji chukua lita nzima.