Kutundika patachitra ya mungu wa kike bila kuiharibu

Patachitra ni picha za jadi za Bengali Magharibi, India, na zile zilizochorwa kwa njia ya asili hazina rangi ya kopo. Katika kijiji cha Naya, wilaya ya Paschim Medinipur, wachoraji waitwao patua hupata manjano kwenye binzari, buluu kwenye ua la aparajita, nyekundu kwenye mbegu za mzingefuri (mti uleule wanaoonyeshwa wageni kwenye mashamba ya viungo Zanzibar) na nyeusi kwenye masizi. Gundi yao ni utomvu wa tunda la bel, nao huyeyuka kwa maji. Binzari nayo haiwezi jua. Ukiitundika picha mbele ya dirisha, uso wa manjano wa mungu wa kike Durga utapauka huku mistari ya masizi ikibaki palepale.

Kabla ya kununua, mtambue mungu wa kike aliyechorwa. Durga ana mikono kumi, yuko na simba, anamchoma mkuki Mahishasura, pepo mwenye umbo la nyati. Lakshmi ana bundi, Saraswati ana bata maji na ala ya nyuzi, Manasa amezungukwa na nyoka. Usijaribu kama rangi ni za asili kwa kitambaa chenye maji: rangi za mimea na hata za dukani zaweza kutoka, na picha utakuwa umeiharibu. Muulize mchoraji tu.

Picha ya mraba, chauko pat, ifungwe kwenye fremu yenye kioo. Kata kadibodi mbili zisizo na asidi, moja ya nyuma, nyingine ya mbele yenye dirisha. Shika picha kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba kwenye ukingo wa juu peke yake, ukitumia gundi ya wanga wa ngano. Ukiibandika pande zote nne itajikunja, kwa sababu karatasi hutanuka hewa inapokuwa na unyevu. Selotepu nayo huacha doa la kahawia lisilotoka. Acha milimita 5 hivi kati ya picha na kioo. Rangi ikigusa kioo wakati wa masika hunata, na siku ya kuitoa inabanduka nayo.

Ile ndefu ya kuviringishwa, jorano pat, ina kitambaa nyuma, mara nyingi cha sari kuukuu. Shona mfuko mwembamba kwenye kitambaa hicho, si kwenye karatasi, upitishe ufito wa mwanzi, utundike kwa misumari miwili. Msumari mmoja wa katikati huipinda.

Chagua ukuta wa ndani, mbali na jiko na bafu. Kwa Wahindu huyu ni mungu, basi asiwekwe sakafuni wala kuelekea chooni. (Patua wengi wenyewe ni Waislamu.)

Vumbi lipangushwe kwa brashi laini kavu. Ukiona ukungu, itoe kwenye fremu, ikauke kivulini penye hewa, ndipo uupanguse kwa brashi hiyohiyo, nje ya nyumba.