Somo: Ubatizo wa dharura, hatua kwa hatua (pamoja na maswali ya wanajumuiya)

Tumsifu Yesu Kristo!

Somo hili ni la wakunga, wauguzi, makatekista na kila mzazi Mkatoliki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 861, inasema palipo na lazima mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza, na inawataka wachungaji wawafundishe waamini namna ya kufanya hivyo. Mtu yeyote ni mtu yeyote kweli: mlei, mwanamke, Mlutheri, hata asiyebatizwa, ilimradi anakusudia kufanya kile ambacho Kanisa hukifanya linapobatiza. Mama Mkatoliki akimwomba muuguzi wa imani nyingine, muuguzi huyo anaweza.

Kinachofanya ubatizo uwe ubatizo ni maji na maneno. Hayo yakikosewa, hakuna mshumaa wala nguo nyeupe itakayoziba pengo.

Kwanza: hakikisha ni dharura

Dharura ni hatari ya kufa. Mtoto mwenye afya ambaye padre atafika kigangoni baada ya wiki mbili hayuko kwenye dharura. Wala bibi asimbatize mjukuu jikoni kwa sababu wazazi wameacha kwenda kanisani. Hilo ni jambo la kuzungumza na wazazi na paroko. Kama mzazi yupo, mwombe ridhaa, na muulize kama mtoto ameshabatizwa.

Kwa aliyetimiza miaka 7 na mwenye akili timamu, lazima yeye mwenyewe atake. Muulize kwa maneno mafupi kama anamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kama anataka kubatizwa, na kama akipona yuko tayari kuishi Kikristo. Akishindwa kusema, aitikie kwa kichwa au akubane mkono.

Padre akiweza kufika kwa wakati, aitwe. Kwenye hatari ya kufa padre yeyote anaweza pia kutoa Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu), jambo ambalo mlei hawezi.

Pili: maji

Maji ya kweli: ya bomba, kisima, mto, mvua, bahari. Hayahitaji kubarikiwa. Maziwa, soda, juisi, mafuta na mate havifai kabisa. Wodini watu huuliza kuhusu dripu ya maji ya chumvi. Ile ina chumvi gramu 9 kwa lita, wakati maji ya bahari yana takriban gramu 35 na yanakubalika, kwa hiyo usiogope kuitumia. Lakini kama bomba liko karibu, chukua ya bomba.

Robo kikombe inatosha. Cha muhimu ni maji yatiririke juu ya ngozi ya kichwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachovya kidole na kumpaka mtoto ishara ya msalaba, au wananyunyiza matone yanayoishia kwenye nywele. Unyevu usiotiririka unaleta shaka juu ya ubatizo wote. Nywele zikiwa nyingi, zitenganishe kwa vidole, au mimina kwenye paji la uso.

Tatu: kumimina na kusema

Mlaze mtoto, kichwa kikiinama kidogo kuelekea nyuma ili maji yakimbilie kisogoni, yasiingie puani. Weka kitambaa chini. Kisha mimina mara tatu huku ukisema:

"Yohane, nakubatiza kwa jina la Baba (mimina), na la Mwana (mimina), na la Roho Mtakatifu (mimina)."

Lugha yoyote inafaa, Kihaya au Kisukuma, ilimradi maana ni hiyo hiyo. Jina la mtoto likikosekana, anza na "Nakubatiza". Makosa haya hayavumiliki:

- Mmoja kumimina na mwingine kusema. Mtu yule yule afanye yote mawili, kwa wakati mmoja.
- "Tunakubatiza". Mwezi Agosti 2020 Vatikano ilitangaza kwamba ubatizo wa namna hiyo si halali, na aliyepewa hivyo abatizwe upya. Anayebatiza ni Kristo kupitia mhudumu. Jumuiya haijibatizii watu wake.
- "Muumba, Mkombozi na Mtakasaji" badala ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hili lilikataliwa mwaka 2008.
- "Kwa majina ya". Mungu ni mmoja, jina ni moja.

Nne: baada ya hapo

Mkaushe mtoto. Salini Baba Yetu, na Nasadiki kama kuna nafasi. Halafu andika, usitegemee kumbukumbu: jina la mtoto, majina ya wazazi, tarehe, mahali, aliyebatiza, na shahidi angalau mmoja. Karatasi hiyo ifike kwa paroko wa mahali pale ili ubatizo uingizwe kitabuni. Bila hivyo, miaka 25 baadaye mtu anataka kufunga ndoa na hana cheti.

MASWALI

Muuguzi, wodi ya watoto njiti: Mtoto yuko kwenye inkubeta, ana mirija na kofia. Nifanyeje?

Jibu: Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 2 za maji safi yenye uvuguvugu. Inua kofia kidogo, dondosha mara tatu kwenye paji ukisema maneno, hakikisha yanatiririka. Kausha papo hapo na urudishe kofia, maana njiti hupoteza joto haraka sana. Usiguse mirija.

Mama mlezi wa jumuiya: Shikamoo Mwalimu. Mtoto aliyebatizwa hospitali amepona. Abatizwe tena kanisani?

Jibu: Marahaba mama. Hapana, ubatizo hautolewi mara mbili. Mpelekeni parokiani na wasimamizi wake ili apakwe Krisma (mafuta matakatifu), avikwe nguo nyeupe na kupewa mshumaa. Kama kuna shaka ya kweli juu ya maji au maneno, paroko atachunguza, na shaka ikibaki atasema, "Kama hujabatizwa, nakubatiza..."

Kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki): Matendo ya Mitume (Mdo) 2:38 inasema "kwa jina la Yesu Kristo". Kwa nini tusiseme hivyo?

Jibu: Petro pale anautaja ubatizo wa Kristo dhidi ya ule wa Yohane Mbatizaji. Maneno ya kutumia alitoa Bwana mwenyewe katika Mathayo (Mt) 28:19, na Kanisa Katoliki halitambui ubatizo usiotaja Nafsi zote tatu.

Mkunga: Mtoto akizaliwa, nisiwe na hakika kama yuko hai?

Jibu: Mbatize kwa sharti: "Kama u hai, nakubatiza..." Aliyekwisha kufariki kwa hakika habatizwi, sakramenti ni za walio hai. Lakini wazazi wasiambiwe kwamba mtoto wao amepotea. Katekisimu (kitabu cha mafundisho ya Kanisa), namba 1261, inamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na kanuni ya 1183 inamruhusu askofu kukubali mtoto huyo azikwe kwa ibada ya Kanisa, ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Mwambie baba wa mtoto aende kwa paroko kabla ya mazishi.