Jinsi ya kuandika historia ya mzee aliyetumikia kanisa na serikali

Huku kwetu Mbeya, Njombe mpaka Iringa mzee akifariki lazima historia yake isomwe siku ya mazishi, na anayebebeshwa kuiandika ni yule mtoto au mjukuu anayeonekana kasoma, tena anaambiwa saa nne usiku na mazishi ni kesho saa saba mchana. Ndo maana tunasikia zilezile kila msiba, alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaugua, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, basi. Mzee kaishi miaka karibu tisini, kafundisha, kaongoza kijiji, kawa mzee wa kanisa, alafu anasomwa kama barua ya kuomba kazi.

Kama mzee wako bado yupo anza sasa hivi, na wala sio uchuro. Wamoravian, dhehebu moja la Kiprotestanti, wana hiyo desturi tangu karne ya 18 kule Herrnhut, Ujerumani, mtu anaandika mwenyewe maisha yake na safari yake ya imani na ndo inasomwa siku ya kumzika. Na Wamoravian walishafika Rungwe tangu 1891, kwa hiyo hata huku kwetu sio kitu cha ajabu. Akikataa kuandika, rekodi kwa simu jioni akiwa anaota moto, mwambie akuhadithie tu, usimhoji kama polisi. Na usimkatize akianza kuongelea ng'ombe, huko kwenye ng'ombe ndo atataja alipelekwa shule na nani na ada ilitoka wapi.

Sasa tarehe. Hapa ndo pana kazi kwelikweli maana wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na ile tarehe ya kwenye kadi mara nyingi karani aliikadiria tu. Nenda ofisi ya usharika uombe kitabu cha ubatizo na cha kipaimara, misheni za zamani kama Rungwe, Kidugala au Tosamaganga zilikuwa zinaandika sana. Ukitafuta jina la ukoo ukalikosa, tafuta jina la baba yake au jina lake la nyumbani la kabla ya ubatizo. Kisipopatikana kitu uliza kwa matukio. Alikuwa ameoa tayari wakati wa uhuru 1961? Mtoto wa tatu alizaliwa Wachina wakiwa wanajenga reli ya TAZARA, yaani kati ya 1970 na 1975? Walihamishiwa kijiji cha ujamaa kabla au baada ya kujenga ile nyumba ya bati? Ukipata majibu manne matano hivi, miaka inajipanga yenyewe. Ukiwa huna uhakika andika "miaka ya 1930" uendelee, hakuna atakayekukamata.

Kuna mambo mengine wazee waliokaa pale msibani wanayajua na watanong'onezana. Usiandike alibatizwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mwaka 1950, KKKT imeanza 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana, we andika alibatizwa Kanisa la Kilutheri na utaje misheni. Usiandike alizaliwa mkoa wa Njombe kana kwamba ulikuwepo, ule mkoa ni wa 2012 na Songwe ni 2016. Na ukiambiwa alikuwa diwani 1976 uliza vizuri alikuwa anakaa kikao gani, maana halmashauri zilifutwa kwenye ile sera ya madaraka mikoani 1972 zikaja kurudi miaka ya 80. Sio kwamba wanakudanganya, miaka inawachanganya tu.

Kazi zake usizipange kwa vyeo. Chagua mbili tatu ambazo kuna mtu yuko hai anazishuhudia, umfuate huyo mtu. Na swali la "mzee alikuwa mtu wa namna gani" achana nalo, utajibiwa alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, sifa ambazo kila marehemu anapewa. Uliza "aliwahi kukukasirisha lini?" Hapo unapata mambo. Babu mmoja wa Rungwe aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, jirani yake alisimulia hivi: maji ya mserereko yalipofika, watu wa nyumba za jirani walitaka bomba liwe kwa mwenyekiti ili na wao wapate karibu, yeye akaamua liwekwe shuleni, mke wake akaendelea kubeba ndoo kwenye kile kilima miaka na miaka, na jirani alinuna mpaka walipokutana kwenye meza ya Bwana wakapatana. Hebu ona, sentensi chache tu zina uongozi, zina ndoa, zina kanisa, na hakuna mahali umeandika "alikuwa mwadilifu".

Ndo hapo watu wengi wanapokosea, wanatenga aya ya serikali na aya ya kanisa wakati mtu ni yuleyule. Kama alikuwa mhazini wa usharika na karani wa ushirika wa kahawa, waulize alikuwa anahesabuje hela, nani alikuwa anashika ufunguo, aliwahi kugoma kusaini kitu? Imani ya mzee utaiona hapo, kuliko kuandika alimpenda Yesu. Kama aliwahi kutengwa na kanisa alafu akarudi, ongea na familia na mchungaji kwanza, wakikubali iandike kwa sentensi moja, na hiyo moja ina nguvu kuliko sifa kumi.

Kuhusu familia kuwa makini sana, ugomvi wa msiba unaanzia hapa. Waite wajomba, mashangazi na mtoto mkubwa wakae chini wasome orodha ya watoto jina kwa jina, pamoja na waliotangulia na wale waliozaliwa nje. Kama alikuwa na wake wawili kabla hajabatizwa wote watajwe kwa heshima, na mpangilio wapange wao, sio wewe.

Andika kurasa mbili za kusoma, basi. Kuna salamu za serikali, salamu za kwaya, za umoja wa wanawake, na mchungaji anaangalia saa kwa sababu mvua ya huku haina adabu. Maandishi yawe makubwa, namba 14 kwenda juu, msomaji atakuwa na machozi. 2 Timotheo 4:7 iweke kama mzee mwenyewe alikuwa anaipenda, kama sivyo mwombe bibi Biblia ya mzee uangalie mistari aliyopigia mstari kwa kalamu.

Ile ndefu yenye stori zote iache kwa ajili ya siku ya kujengea kaburi, kwenye ibada ya shukrani watu wametulia na wanasikiliza. Kabla hujaipeleka kwenye duka la stationery kuchapa mpe bibi au mtu wa rika lake aisikie yote ikisomwa kwa sauti, atarekebisha majina ya vitongoji na nani alikuwa balozi wa nyumba kumi mwaka gani. Nakala moja ipeleke ofisi ya usharika, nyingine iache nyumbani kwenye faili la hati ya shamba, na zile rekodi za simu zitume kwa ndugu watatu tofauti maana simu zinaibiwa.