Kumpata mshauri wa kupitia uangalizi wenu wa uchaguzi

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mshauri, nyingi ninazoletewa nizipitie kabla ya kutangazwa zina ugonjwa mmoja: zinamtaka mshauri mwelekezi "abainishe mafanikio na changamoto". Basi atabainisha. Ataleta mafanikio kumi na changamoto kumi, mtapiga picha ya pamoja kwenye warsha, na uchaguzi ujao mtarudia yale yale. Nimeratibu waangalizi wa ndani kwa miaka mingi, na nimeshakaa upande wa anayetoa kazi na upande wa anayeiomba. Ninachowaambia wenzangu ni kwamba kabla ya kumtafuta mtu, sekretarieti na kamati ya uongozi zikae ziandike ni uamuzi gani zinataka kuufanya ripoti ikishatoka.

Uamuzi, si mada. Je, tuendelee na ujumlishaji sambamba wa matokeo, yaani waangalizi kutuma matokeo ya sampuli ya vituo nasi tukakadiria ya nchi nzima, au fedha zile ziende kwa waangalizi wa muda mrefu? Waangalizi waendelee kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu, au tuhamie kwenye programu ya simu janja? Muungano wa asasi zetu ubaki na wanachama wote, hata wale wanaoonekana siku ya kugawa posho tu? Maswali matatu mpaka matano ya aina hiyo yanatosha. Mfadhili atawaletea vigezo sita vya tathmini vya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), vile vilivyohuishwa mwaka 2019, na mwandishi mvivu atavibandika vyote. Chagueni viwili au vitatu vinavyobeba maswali yenu, mumweleze mfadhili kwa nini vingine mmeviacha. Kwa uzoefu wangu huwa wanakubali. Wao pia wamechoka kusoma ripoti nene.

Kipimo kingine kinachofaa kutajwa kwenye hadidu ni azimio la kanuni za kimataifa za uangalizi wa uchaguzi unaofanywa na asasi za kiraia zisizofungamana na chama, lililozinduliwa Umoja wa Mataifa, New York, Aprili 2012. Kama asasi yenu imeliridhia, muulizeni mshauri mlilitimiza wapi na wapi mlipwaya: kutopendelea upande, uwazi wa mbinu, uwazi wa vyanzo vya fedha. Hapo atakuwa na kitu cha kupimia zaidi ya maoni yake.

Swali moja ningelitia kwenye kila hadidu: mbinu yetu ilipima nini, na nini haikukipima kabisa? Kenya mwaka 2017 ni mfano ambao kila mtu wa fani hii anapaswa kuujua. Ujumlishaji sambamba wa waangalizi wa ndani ulitoa makadirio ya kura za urais yaliyolingana na matokeo ya tume ya uchaguzi. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi huo, na sehemu kubwa ya hoja ilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa. Sampuli ya vituo hukwambia kura zilizohesabiwa kituoni zinaelekea wapi. Haikwambii fomu ya matokeo ilipita mikono ya nani baada ya kutoka kituoni. Mshauri asiyeyatofautisha mambo hayo mawili atawapeni sifa msizostahili, au lawama isiyowahusu.

Kuhusu wakati, msingoje mwaka uishe. Vijana wa kituo cha data, wanaopokea taarifa za waangalizi, huajiriwa kwingine upesi, na kumbukumbu za waangalizi huchakaa. Waangalizi wanaporudisha vitambulisho wapeni dodoso fupi, ukurasa mmoja tu, lihifadhiwe. Mshauri mwenyewe aanze kesi za uchaguzi zikishapungua joto. Kama zipo bado mahakamani, kubalianeni naye kwa maandishi ni nyaraka zipi hazitoki ofisini.

Sasa mtu mwenyewe. Kazi hii inahitaji anayejua uangalizi, anayejua takwimu za sampuli, na anayejua kukaa na watu wakamwambia ukweli. Mara chache hao watatu hukaa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo tangazeni kazi ya watu wawili na mseme nani kiongozi. Aliyewafundisha waangalizi wenu, aliyebuni fomu zenu, aliyefanya kazi tume au kwenye kampeni ya chama katika uchaguzi huo huo, huyo ana mgongano wa maslahi hata akiwa rafiki wa kila mtu. Kila mwombaji atie saini tamko la maslahi. Msimamizi wa kazi naye asiwe mkuu wa programu inayokaguliwa. Kamati ndogo yenye mjumbe mmoja kutoka nje ya sekretarieti inafaa zaidi.

Mapendekezo ya kiufundi yafunguliwe na kupewa alama kwanza, ya kifedha baadaye. Ninaposoma la kiufundi naruka kurasa za sifa za kampuni nakwenda kwenye jedwali la siku. Nahesabu siku za kukaa na waangalizi na siku za kuandika. Anayetaka kumaliza kazi yote kwa mahojiano ya simu na viongozi wa makao makuu, namwacha hapo hapo, bei yake iwe nafuu kiasi gani.

Kwenye usaili, acheni kumwuliza "eleza uzoefu wako". Mwekeeni mezani ukurasa mmoja wa kumbukumbu za ujumbe za siku ya kupiga kura, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa, mmpe dakika kumi na tano aseme anaona nini. Chagueni ukurasa wenye mambo. Vituo vitatu vya jirani, tuseme, vimetuma majibu yanayofanana herufi kwa herufi, yote ndani ya dakika moja saa saba mchana, ilhali fomu ya ufunguzi ilitakiwa saa moja asubuhi. Mshauri wa kawaida atasema "kulikuwa na ucheleweshaji wa taarifa". Mzuri atauliza kama zimetoka simu moja. Kisha atauliza kama kuna mtandao huko, maana inawezekana msimamizi aliwakusanyia wenzake akapanda mlimani kutuma, na hilo ni jambo tofauti kabisa na mtu kukaa nyumbani akijaza fomu za kubuni. Atataka pia kujua vituo ambavyo havikuleta kitu chochote viko wapi, kwa sababu vikiwa vimerundikana upande mmoja wa nchi, kiwango kizuri cha jumla cha taarifa kinaweza kuficha pengo kubwa. Mtu wa namna hiyo mpeni kazi.

Mkataba ukisainiwa, mkabidhini vitu vibichi: fomu, kumbukumbu za ujumbe, orodha ya vituo vya sampuli na vile vilivyobadilishwa na sababu zake, taarifa za matukio, kumbukumbu za simu za kituo cha data, bajeti na matumizi halisi. Ripoti zenu zilizochapishwa atazipata mwenyewe. Orodha ya majina ya waangalizi isitoke bila makubaliano ya usiri. Kuna sehemu mwangalizi akijulikana alichoripoti hana usalama. Mshauri asikutane nao kwenye ukumbi mmoja na wasimamizi wao. Wasimamizi wakiwemo, utasikia tu kwamba mafunzo yalikuwa mazuri na posho ilichelewa kidogo.

Malipo yaende kwa awamu: sehemu baada ya ripoti ya awali, ile ya mpango wa kazi, sehemu kwa rasimu, na fungu la maana libaki mpaka ripoti ya mwisho ikubaliwe. Ripoti ya awali msiipitishe kwa adabu. Ndani yake muone kila swali litajibiwa kwa ushahidi upi na atahojiwa nani, wakiwemo watu wa tume, vyama na polisi, ambao mara nyingi ndio wanaojua kama taarifa zenu zilisomwa.

Rasimu ikija itawauma. Andikeni kwenye mkataba kwamba asasi ina haki ya kusahihisha ukweli, yaani tarehe, idadi, majina ya vituo, lakini haina haki ya kufuta hitimisho. Msipokubaliana na jambo, mtaandika jibu lenu na litaambatishwa kama lilivyo. Weka pia kifungu kinachosema ripoti, au walau muhtasari wake, itatolewa kwa waangalizi wenyewe ndani ya muda fulani, na kwamba kila pendekezo litajibiwa na kamati ya uongozi: tumelikubali, tumelikataa, nani analitekeleza na kwa bajeti ipi. Jedwali hilo liingie kwenye ajenda ya kikao kile kitakachopitisha bajeti ya uchaguzi unaofuata, si kikao kingine.