Namna ya kumpigia simu mzee anayeishi peke yake: hatua ninazofuata Pemba

Nina wazee wanne ninaowapigia simu kila wiki, watatu upande wa Wete na mmoja Mkoani. Watoto wao wako Unguja, Dar es Salaam au Oman, na mmoja hakujaaliwa mtoto. Silipwi, vocha naweka mwenyewe. Kwa wanaotaka kuanza, hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Nenda kwanza kwa miguu yako

Usianze na simu. Namba ngeni ikiita, mzee mwenye busara hapokei. Anzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, maana yeye ndiye anayejua nyumba ipi imebaki na mtu mmoja, na akikupeleka yeye umeshapata mdhamini. Kaa barazani, jieleze wewe ni mtoto wa nani na kwenu wapi. Muulize mzee kama anataka kupigiwa. Akisema hataki, mshukuru uondoke. Akikubali, omba namba mbili: ya jirani wa ukuta kwa ukuta na ya ndugu yake wa karibu.

Hatua ya 2: Itayarishe simu yake

Wengi wana kitochi. Hifadhi namba yako, kisha ipange kwenye kitufe cha 2, ili akikibonyeza na kukishikilia simu ipige yenyewe. Mimi hupaka kidoa cha rangi ya kucha juu ya kitufe hicho. Pandisha mlio mpaka mwisho. Uliza pia simu inachajiwa wapi na mtandao unashika sehemu gani ya nyumba. Mzee wangu wa Mkoani huitundika dirishani, kwa hiyo namwachia muda wa kuifikia.

Hatua ya 3: Siku ileile, saa ileile

Mimi hupiga Jumatatu na Alkhamisi, saa nne asubuhi, kazi za asubuhi zimekwisha na adhuhuri bado. Ramadhani nauliza upya saa gani inafaa.

Hapa nimewahi kukosea. Alkhamisi moja nilishikwa na shughuli, nikasema nitapiga kesho. Kesho yake bibi akaniambia alialikwa maulidini asiende, kakaa na simu mapajani mpaka adhana ya adhuhuri. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo, nikijua sitaweza, namwambia kabla.

Hatua ya 4: Usiishie kwenye salamu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukisema "Sabalkheri bibi, hujambo?", utajibiwa "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi." Atajibu hivyo hata kama hajala tangu jana. Adabu yetu inataka jibu hilo, na mzee hawezi kuivunja adabu kwa ajili ya goti linalouma. Salamu itoe kikamilifu, usiikate, lakini usidhani umeshapata habari zake.

Uliza juu ya kazi ya mikono yake. Mkeka umefika wapi? Kuku wametaga? Jana ulipika nini, na nani alikuletea maji? Wale wa pwani waulize upepo, kama kusi limeshaanza, utapata nusu saa ya mazungumzo.

Bibi huyohuyo husuka mikeka. Akipokea huweka laudspika, simu anailaza sakafuni, mikono inaendelea, na mimi nasikia ukili, ule ukanda wa ukindu anaousuka, unavyochakacha katikati ya maneno yake. Wiki moja sikuusikia. Salamu zilikuwa nzuri kama kawaida, sijambo na alhamdulillahi. Nikamuuliza, "Bibi, leo husuki?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Ukindu wa rangi siuoni tena mwanangu. Mwekundu na mweusi naona mmoja." Nikampigia mtoto wake siku ileile. Hospitali walikuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kama ningeuliza afya tu, angeendelea kuniambia hajambo mpaka leo.

Hatua ya 5: Shusha sauti, usipige kelele

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Ukipiga kelele sauti yako inazidi kuwa nyembamba na maneno yanachanganyika. Sema polepole, kwa sauti nzito kidogo. Asiposikia, usirudie neno lilelile, lieleze kwa neno jingine.

Hatua ya 6: Pesa usiziguse

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar inawalipa Pensheni Jamii wazee waliofika miaka 70, na matapeli wanalijua hilo. Usimuulize kapokea lini wala ngapi, na namba ya siri usimuulize kabisa. Mwambie hivi: "Mtu yeyote akikuuliza namba ya siri, hata akisema ni mimi, kata simu."

Hatua ya 7: Asipopokea

Subiri nusu saa, piga tena. Kimya? Mpigie jirani aende kugonga, na jirani akikosekana mpigie sheha. Msimu wa karafuu mara nyingi utaambiwa yuko uani kwa watu anachambua, anatenga makonyo. Alhamdulillahi, lakini umeuliza.

Akipokea na ulimi ni mzito, maneno hayaeleweki, au akakwambia mkono mmoja umekufa ganzi ghafla, hapo hakuna nusu saa. Huenda ni kiharusi. Jirani na usafiri wa hospitali dakika hiyohiyo, ndugu baadaye.

Hatua ya 8: Mwache yeye aage

Dua za wazee ni ndefu, usizikate. Itikia "amin" mpaka amalize. Kisha andika daftarini jambo moja alilokwambia, uanzie hapo safari ijayo.

Bibi yule ameshapasuliwa jicho moja, la pili linangoja. Kukata simu bado hajui. Akishaniombea anaiacha palepale sakafuni ikiwa hewani, nami husikiliza ukili kidogo kabla ya kukata.