GPS ya Mkononi kwa Safari za Nyika ya Australia: Soma Jina la Ramani Kabla ya Kulipa

Mashine niliyonunua ilifika Perth ikiwa na ramani ya Amerika Kaskazini. Nililigundua hilo nikiwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani, mashariki ya mji mdogo wa Laverton, mimi na binamu yangu ndani ya gari, kwenye njia ya mchanga ambayo hatukupanga kuipita. Kioo kilionyesha kimshale kidogo katikati ya weupe mtupu. Hakuna njia, hakuna kijito, hakuna jina la mahali. Simu zetu zilikuwa zimekosa mtandao tangu saa nne asubuhi.

Naandika haya kwa sababu kila ikifika Juni, kundi letu la WhatsApp la Watanzania na Wakenya wa hapa Perth linajaa mipango ya kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya Australia, kwa kupitia Great Central Road, barabara ndefu inayokatiza nyika, na kila mwaka kuna anayeuliza, "GPS gani ya bei nafuu?" Swali hilo ndilo lililoniumiza mimi. Swali la kwanza liwe hili: ndani yake kuna ramani ya wapi?

Shikeni jambo moja. Mashine na ramani ni vitu viwili. Mashine inasikiliza satelaiti na kupata namba: latitudo, longitudo, mwinuko. Hizo itazipata popote duniani, hata ikiwa haina ramani kabisa. Ramani ndiyo inayogeuza namba hizo kuwa "uko kilomita kumi kusini ya barabara kuu." Watengenezaji wengi huuza mashine hiyohiyo kwa kanda: ya Ulaya ina ramani za Ulaya, ya Marekani ina za Marekani, ya Australia na New Zealand ina za huku. Kwa nje zinafanana. Boksi linafanana. Picha kwenye tangazo ni ileile.

Mtego wenyewe ulikuwa hivi. Tovuti ilikuwa na jina linaloishia .com.au, bei zimeandikwa kwa dola za Australia, na ilikuwa pungufu kwa dola 140 ukilinganisha na duka la vifaa vya kambi lililo karibu na kwangu. Niliona nimeokota. Mzigo ulichukua wiki tatu, na stempu zilionyesha umetoka nje ya nchi. Hapo ningepaswa kushtuka. Jina la tovuti halithibitishi kwamba bidhaa iko Australia, wala kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya Australia. Nasema tena: jina la tovuti halithibitishi chochote.

Nilipoiwasha nyumbani ikaonyesha Perth, barabara kuu na pwani. Nikaridhika. Kumbe hiyo ilikuwa ile ramani ya msingi ya dunia nzima, ambayo mashine nyingi huja nayo bure, yenye miji mikubwa na barabara kuu tu. Mjini inakudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Ukweli unajitokeza lami ikiisha, yaani pale hasa ulipoinunulia.

Kwa hiyo fanya hivi ukiwa bado dukani, au siku mzigo unapofika, kabla hujatupa boksi. Fungua mipangilio ya ramani, usome jina la ramani iliyomo. Lazima uone neno Australia limeandikwa. Ukishaliona, usiishie hapo. Sogeza kishale hadi Warburton, kijiji kilichopo kwenye Great Central Road, kisha kuza picha. Ukiona njia ndogo za vumbi, mabonde ya maji na mistari ya mwinuko, ramani ipo. Ukiona mstari mmoja au weupe, haipo. Usijaribu kwa Perth. Usijaribu kwa Sydney. Jaribu kwa Warburton.

Kariakoo hata redio ya mfukoni unawashiwa na kubadilishiwa stesheni mbele ya macho yako kabla hujatoa hela, na muuzaji haoni vibaya. Huku watu wanaamini boksi. Hakuna atakayekuonya, lakini ukishaumia utaambiwa kwa upole kwamba ilikuwa imeandikwa kwenye masharti, na kweli utaikuta imeandikwa. Tusidhani upole huo ni ulinzi. Nimekaa hapa miaka kumi na moja, na naona ndugu zetu wengi wanaoumizwa huumizwa na maandishi madogo zaidi kuliko wanavyoumizwa na wezi.

Nilipodai pesa zangu, muuzaji alijibu kwamba mashine inafanya kazi. Sheria ya walaji ya Australia, iliyoanza Januari 2011, iko upande wetu: kitu kisichofaa kwa kazi uliyomweleza muuzaji, una haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa hela, hata waranti ya mtengenezaji ikisema vingine. Lakini haki hiyo utamdai nani akiwa hayupo nchini? Duka la mtaani lingeniondolea kero hiyo kwa dakika kumi na risiti mkononi. Dola 140 nilizookoa sikuziokoa.

Tulivyotoka kule: binamu yangu alikumbuka kwamba mashine huandika njia uliyopita hata kama haina ramani. Tukaifuata alama yetu wenyewe kurudi nyuma, kilomita 40, mpaka barabara kuu. Tulifika jua likizama. Wakati huo ngamia na kangaruu wanavuka, na hakuna mwenye akili anayeendesha, tukalala ndani ya gari. Mafuta tuliyopoteza yalikuwa yale ya akiba. Kwa hiyo washa uandishi wa njia kabla hujatoka nyumbani, na uhakikishe haujazimwa.

Nyumbani ukipotea unasimamisha gari. Dakika tano hazipiti kabla mtoto hajatokea na ng'ombe, au mama na kuni, na anakuelekeza mpaka mlangoni. Sisi tumelelewa tukiamini barabara ina watu. Hapa unaweza kuendesha saa tatu usione moshi. Waaustralia wenyewe huisifia nyika hiyo kuwa ni tupu, na mimi sikubaliani nao. Ile ni ardhi ya Wangaanyatjarra na jamii nyingine zilizoishi humo maelfu kwa maelfu ya miaka bila kioo cha kuwaongoza, na ndiyo maana kupita Great Central Road kunahitaji vibali, kimoja cha upande wa Western Australia na kingine cha Northern Territory. Viombe mtandaoni mapema, vibebe.

Kuhusu mashine yenyewe sina mengi. Chagua yenye vitufe, maana kioo cha kugusa kinasumbua ukiwa na vumbi na jasho. Iwe na nafasi ya kadi ya memori. Ile ndogo ya Garmin eTrex 22x inatumia betri mbili za AA, zinazopatikana hata kwenye vituo vya mafuta vya njiani, na kwangu hilo lina uzito kuliko rangi nzuri. Garmin GPSMAP 67 inakaa na chaji siku nyingi, lakini bei yake ni ya juu sana. Beba na ramani ya karatasi. Kwenye simu, pakua ramani za kutumia bila mtandao ukiwa bado mjini.

Sasa onyo la pili, nalo ni ndugu wa lile la kwanza. GPS ya kawaida haiiti msaada. Inapokea tu, haitumi. Nimesikia watu wazima wakisema, "Tuna GPS, watatuona." Hakuna anayekuona. Kinachokuita msaada ni kile kifaa cha dharura kiitwacho PLB, kinachotuma kwa masafa ya 406 MHz kupitia satelaiti, au mashine ya ujumbe wa satelaiti kama inReach, ambayo unailipia kila mwezi na ambayo malipo yakikatika haipeleki neno. PLB nayo ina mtego uleule: ya kuagiza nje kwa bei rahisi huwa imewekewa msimbo wa nchi nyingine, na mamlaka ya usalama wa baharini, AMSA, haitaisajili. Nunua yenye msimbo wa Australia. Usajili ni bure na huhuishwa kila miaka miwili.

Na nyie wa nyumbani mnaosoma hapa, wajomba na mashemeji, nawaomba. Maombi ya "nitumie GPS nipimie kiwanja" yamekuwa mengi. Mnajua wenyewe habari za mpima, bikoni na ramani ya upimaji. Mashine ya mkononi inakosea mita tatu mpaka tano hali ya hewa ikiwa nzuri. Kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, mita tano ni choo cha jirani. Halafu ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kuhesabu latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, wakati mashine inatoka kiwandani ikitumia mfumo wa satelaiti, WGS84. Ukichanganya hiyo miwili bila kubadilisha mpangilio, alama inahama takriban mita 300, umeshaingia kwenye shamba la mtu mwingine. Mjomba, tafuta mpima mwenye leseni. Mashine ya kutembelea porini nitakuletea kwa moyo mmoja.

Kwa anayeileta hiyo zawadi: ukinunua vitu vya dola 300 au zaidi kwa muuzaji mmoja na ukaondoka Australia ndani ya siku 60 ukiwa navyo, unarudishiwa GST, kodi ya bidhaa na huduma, uwanja wa ndege, yaani sehemu moja ya kumi na moja ya bei. Unahitaji risiti ya kodi yenye ABN, yaani namba ya usajili wa biashara, ya muuzaji. Yule aliyeniuzia mimi hakuwa na risiti ya namna hiyo. Basi iulize kabla ya kulipa, na hapohapo, mkononi mwa muuzaji, mwombe aiwashe akuonyeshe Warburton. Ikiwa ya kwenda Tanzania, mwombe akuonyeshe Tunduru, maana ramani ya Australia haitamsaidia mjomba hata kidogo.